Breki za Nini, Mpwa Wangu?

"Mjomba, hii pikipiki mbona haina breki?"

Kijana wa watu kashika picha ya zamani ya spidiwei ya Uingereza, zile mbio za pikipiki za kuzunguka uwanjani, kaigeuza, kaikuza, katafuta breki mbele, katafuta nyuma. "Yaani mtu anaipanda kwa hiari yake? Na watu wanalipa kiingilio? Si wangesimama tu barabarani waangalie bodaboda bure?"

Mtu mzima hajibu upuuzi kwa hasira. Mtu mzima anakaa vizuri, anasafisha koo, anaeleza. Basi naeleza, na anayesikia amwambie asiyesikia.

Pikipiki ya spidiwei haina breki kwa sababu breki zingeua zaidi. Waendeshaji wanne wanaingia kona pamoja, bega kwa bega, goti kwenye goti la mwenzake. Mmoja akiingiwa na woga akabana breki, walio nyuma wanampanda mgongoni. Dawa ni kuwanyima wote. Mnaachiwa klachi na mkono wa mafuta, basi. Gia ni moja, wala hubadilishi njiani: unaamua kabla ya kutoka kwa idadi ya meno ya sproketi ya nyuma. Uwanja mdogo kama New Cross pale London, yadi 262 kuzunguka, watu wakiuita kikaango, unahitaji meno mengi upate kuchomoka kwenye kona. Uwanja mrefu unapunguza. Ukikosea kwa kuzidisha, tairi linazunguka bure pale pa kuanzia na kwenye mnyoosho injini inalia haina pa kwenda. Ukikosea kwa kupunguza, utepe wa kuanzia mbio ukipanda injini inakohoa na wenzako wanakupungia.

Kupunguza mwendo je? Kwa ubavu! Unaitupa pikipiki ilale kushoto, tairi la nyuma linapepesuka kwenda nje, la mbele linatazama kulia wakati wewe unaelekea kushoto, na mguu wa kushoto umevaa kiatu cha chuma unaoburuzwa chini. Ule mtelezo ndio unaokula mwendo, na ndio huo huo unaokugeuza. Mizunguko minne, kona nane, kushoto daima. Imekwisha. Dakika moja na ushei. Wa kwanza pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1, wa nne anapewa vumbi.

Injini ni silinda moja, 500cc. Kwa miaka mingi ilikuwa JAP ya Kiingereza, mpaka miaka ya 1960 Wacheki walipokuja na ESO, ikaja kuitwa Jawa. Inakunywa methanoli, siyo petroli, kwa kuwa methanoli inaipoza injini iliyobanwa kupita kiasi. Ubaya wake, ikishika moto mchana huuoni ule moto. Unamwona tu mtu anarukaruka. Na ole wake fundi mvivu aliyeiacha ndani ya kabureta mpaka wiki ijayo: inafyonza unyevu wa hewa, alumini inaota unga mweupe, jeti inaziba, halafu wanalaumu plagi. Oili nayo ilikuwa ya nyonyo. Ndiyo, nyonyo, ile ile tuliyobanwa pua tukanyweshwa utotoni kusafisha tumbo. Huko ilisafisha silinda, ikishapita mara moja inamwagwa hairudi, na harufu yake inakaa kwenye koti mpaka Jumapili. Walioizoea walisema inanukia. Wake zao walisema mengine.

Sasa nikishayasema hayo kwa utaratibu na heshima, kijana ananiuliza: "Kwa hiyo ni kuzunguka tu?"

Kuzunguka tu! Hapa ndipo watu wanapokosa adabu. Anayeona spidiwei ni kuzunguka hajawahi kushika kalamu ya risasi uwanjani. Kazi yenyewe haikuwa ya wale wanne, hao walikuwa na dakika moja tu. Kazi ilikuwa yetu sisi wa kwenye ngazi za watazamaji, na programu yetu ya kurasa chache, ubao wa kuandikia chini yake, na mvua ya Kiingereza juu yake.

Ligi ya British League, iliyoanza 1965, ilikuwa na mbio 13 kila usiku. Kila mbio wenyeji wawili, kofia nyekundu na ya buluu, wageni wawili, kofia nyeupe na ya manjano. Unaandika nani wa kwanza mpaka wa nne, unaandika muda, unaandika jumla ya mbio, unaandika jumla ya mechi. Aliyeanguka F. Aliyefukuzwa na refa X. Aliyefiwa na injini EF. Anayemaliza nyuma ya mwenzake wa timu na akampita mpinzani unamwekea alama ya bonasi, ambayo haihesabiwi kwenye mechi ila inahesabiwa kwenye mshahara wake. Yaani wewe mlipa kiingilio ndiye mhasibu wake, bila posho. Kila mbio ni pointi 6, mbio 13 ni 78, ukifika 40 umeshinda. Darasa la tatu anaiweza hesabu hiyo.

Lakini kila uwanja ulikuwa na yule bwana.

Yule bwana humkosi. Anafika mbio ya nne, kachelewa basi, anasimama pembeni yako ingawa ngazi nzima iko tupu, anatoa programu nyeupe haina hata alama, na anasema: "Samahani bwana, hebu nikopi za mwanzo." Unamwachia. Ubinadamu. Anakopi polepole, ulimi nje, huku mbio ya nne inakimbia na wewe huna pa kuandika. Anakurudishia na alama ya kidole chenye siki ya chipsi juu ya jina la nahodha.

Mnakwenda hivyo mpaka mbio ya saba. Buluu anaanguka kona ya pili, taa nyekundu zinawaka, refa kule juu kwenye kibanda chake anamwona ndiye chanzo, anamfukuza. X. Mbio inarudiwa kwa watatu. Mzunguko wa pili cheni ya mweupe inakatika. EF. Nyekundu wa kwanza, manjano wa pili, hakuna wa tatu, kwa hiyo 3-2. Pointi tano. Yule bwana anaandika 4-2.

"Bwana, ni tatu kwa mbili."

"Mbio ina pointi sita."

"Ina sita wakimaliza watatu. Wamemaliza wawili."

"Na yule wa buluu?"

"Kafukuzwa."

"Lakini alikuwepo."

Alikuwepo! Hata mimi nilikuwepo, nipe pointi yangu basi. Unamweleza pole pole, ukitumia vidole. Anatikisa kichwa kwa huruma, huruma ya kukuonea wewe. Unaacha. Mtu mzima anajua kuacha.

Kosa la pointi moja lingelala hapo milele, lakini spidiwei wakati ule ilikuwa na kanuni ya kulifukua. Timu ikiachwa nyuma kwa pointi 6, meneja aliruhusiwa kumtoa mnyonge na kumwingiza mkali wake kwenye mbio isiyo yake. Mbio ya kumi imekwisha: karatasi yako inasema 32-27, tofauti tano, hakuna ruhusa. Karatasi yake inasema 33-27. Tofauti sita!

"Sasa utaona," anasema, anafurahi, anasugua viganja. "Sasa wageni wanamleta Nambari Moja wao."

"Hawawezi."

"Sita, bwana!"

"Tano, bwana!"

King'ora cha dakika mbili kinalia, maana yake asiyefika kwenye utepe kabla ya dakika mbili kwisha anafukuzwa naye. Kipaza sauti kinatangaza majina, na kipaza sauti cha uwanja wa spidiwei kiliwekwa na mtu asiyependa majina. "Badala ya hwaa, hwaa hwaa." Injini nne zinasukumwa na mafundi, kwa kuwa hazina cha kuwashia, zinashika zote pamoja. Husikii kitu. Wageni wanatokea, wale wale walioandikwa. Hakuna Nambari Moja. Ungedhani amekubali. Anageuka, amekunja uso: "Meneja wao mjinga. Ana ruhusa na haitumii." Halafu, kwa sauti ya chini: "Au kalipwa."

Hapo heshima yote inakwisha. Unachukua programu yake kwa nguvu, unamwekea kidole mbio ya saba, unamfuatisha, kukopa na kubeba, moja baada ya nyingine. Watu wa ngazi ya chini wanageuka. Mzee mmoja anasema ni 31-28, na hakuulizwa. Mama mwenye chupa ya chai anasema ni 32-27, Mungu ambariki, ila anasema kuwa ile EF ilikuwa ya manjano, kwa hiyo naye hafai. Mnapokubaliana walau kuwa buluu hakustahili chochote, mnasikia makofi. Mbio ya kumi na moja imekwisha. Wote mlikuwa mmeinamia karatasi.

"Nani wa tatu?" anakuuliza.

Ukitaka kujua nani wa tatu tazama kofia, si ndiyo? Kofia zenyewe baada ya mizunguko minne ni za rangi moja, rangi ya udongo. Njia ilikuwa changarawe nyekundu iliyosagwa, na tairi la nyuma liliichota na kuirusha kwa walio nyuma na kwa sisi tuliosimama konani, usoni, shingoni, ndani ya chai. Baadaye sana ndipo wakafunga kikinga nyuma ya tairi. Kabla ya hapo ukinunua chai ulipata na kokoto humo humo, bei moja. Wageni walikuwa wameshinda mbio ile 5-1, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyeona.

Mechi ikaisha 39-38, kwake 40-38. Mshindi ni yule yule! Saa mbili nzima za kugombana, sauti imekauka, mshindi ni yule yule! Ningemfanya nini?

Ila tusimlaumu sana, maana wakubwa wenyewe walishindwa. Septemba 1936, Wembley, fainali ya kwanza ya dunia. Bluey Wilkinson wa Australia akakimbia mara tano, akashinda mara tano. Ukimwuliza mtu yeyote mwenye akili, huyo ndiye bingwa. Hapana: akawa wa tatu. Kulikuwa na pointi za bonasi zilizobebwa kutoka mechi za mchujo, kwa hiyo aliyeshinda mbio zake zote akapitwa na Lionel Van Praag na Eric Langton, ambao hawakushinda zao zote. Fikiria yule bwana wetu angekuwepo kule na kalamu! Mwaka 1938 Wilkinson akarudi, mtulinga umevunjika usiku wa kuamkia fainali, kafungwa bandeji, akachukua ubingwa hivyo hivyo. Na sisi tunaomba ruhusa ya kutokwenda kazini kwa mafua.

Na viwanja vyenyewe havikuwa vyetu. Vingi tuligawana na mbwa wa mashindano, na mbwa walikuwa na kamari, na penye kamari ndipo penye sauti. Usishangae. Mwaka 1966, Kombe la Dunia la mpira, Uruguay na Ufaransa walipelekwa White City kwa sababu Wembley ilikuwa na usiku wa mbwa na wenye mbwa hawakutaka kuahirisha. Kombe la Dunia limempisha mbwa! Spidiwei ingedai nini? Tena serikali nayo, miaka ya baada ya vita, ikawa inachota karibu nusu ya kiingilio kwa jina la kodi ya burudani. Burudani ipi? Kokoto kwenye chai?

Aliyejua kufanya biashara katika shida hiyo ni mmoja tu, Johnnie Hoskins, promota mwenye kofia. Watu walilipa kuja kuona waendeshaji wakimpora kofia yake na kuichoma moto. Msimu baada ya msimu, kofia juu ya kofia. Alizipata wapi kwa bei gani, hilo ndilo ningependa kujua, kwa kuwa kofia nzuri ya sufu haikuwa rahisi hata wakati ule. Uwanja wake wa West Ham, pale Custom House, London, ulifungwa 1972, zikajengwa nyumba, na mitaa ikapewa majina ya watu wa spidiwei: Wilkinson Road, Young Road, Croombs Road, na promota kapata Hoskins Close, ambayo ni kichochoro kisichotokea upande wa pili. Kule Manchester, uwanja wa Belle Vue wa Hyde Road, walimaliza mbio za mwisho 1987, pakawa pa mnada wa magari. Magari yenye breki, mpwa wangu, yaliyotumika, na ukienda mnadani uchunguze breki hizo mwenyewe kabla ya kunyanyua mkono, hasa za nyuma, maana wanapaka rangi ngoma tu ing'ae na viatu vya breki ndani vimekwisha, halafu risiti yao ina maandishi madogo chini…