Alama 9 isiyosema kitu

Wandugu wa Lubumbashi, wengi mkisikia chuo cha Ubelgiji mnawaza maabara na intaneti isiyokatika. Mimi naona tofauti kubwa iko kwenye kopi ya mtihani, yaani karatasi ya majibu ya mwanafunzi. Alama ya juu kabisa ni 20, huku Ubelgiji na huko Kongo, na 10 ndiyo kupita. Ila huku, upande wa wasemao Kifaransa, sheria inampa mwanafunzi haki ya kuiona kopi yake ikishasahihishwa. Kwetu mara nyingi anasoma 9 kwenye valvu, ubao wa matangazo, basi. Tumeingia mfumo wa LMD (licence, master, doctorat), lakini hiyo 9 bado ni bubu.

Chukua swali hili la madini: tani 100 za mawe yenye shaba 3% zimetoa tani 9 za konsantre (unga wa madini uliochujwa ili shaba iongezeke) yenye shaba 28%. Asilimia ngapi ya shaba imepatikana? Mawe yalikuwa na tani 3 za shaba, konsantre ina tani 2,52. Jibu ni 84%. Anayejibu 9% amegawanya uzito kwa uzito, akasahau kwamba tunafuata shaba, si mawe. Hajaelewa, na maelezo ya dakika tano yanatosha kumnyoosha. Aliyekosea kuzidisha ana shida nyingine kabisa. Na ukiuliza tu "eleza flotesheni", yaani kutenga madini kwa mapovu, aliyekariri silabusi atakupiga 16 bila kujua lolote kati ya hayo.

Wanafunzi 300, asistanti (mwalimu msaidizi) mmoja? Toa swali moja kama hilo wiki ya tatu, dakika 10 za mwisho, kwenye nusu karatasi, bila kuhesabu alama. Chota majibu 40 bila kuchagua, yapange mafungu kwa aina ya kosa. Fungu kubwa ndilo la kufungulia kipindi kinachofuata. Ukingoja mwezi, wameshasahau waliandika nini.

Kwenye mtihani, gawanya alama kabla ya kuanza: tuseme 8 za njia, 6 za hesabu, 3 za vipimo (kama tani au asilimia), 3 za maelezo. Sahihisha swali la kwanza katika kopi zote, ndipo la pili, majina yakiwa yamefichwa. Ukimaliza kopi moja moja, jibu zuri la mwanzo linabeba mabovu yanayofuata. Wasahihishaji wakiwa wawili, waanze na kopi 10 zilezile, kila mmoja peke yake. Wakipishana sana, mgawanyo huo una utata.

Huku nako si peponi. Maswali ya kuchagua jibu, yenye kukata alama ukikosea, yanampunja mwoga anayejua nusu, hayo msiige. Mkilazimika kuyatumia kwa sababu ya wingi wa watu, tazameni swali ambalo wenye alama za juu wamelikosa na wa chini wamelipata: mara nyingi jibu la mwalimu ndilo lenye kosa.