Mfungulieni Yeti Mlima Wake

Jana usiku nilitazama video mbili za Expedition Everest, treni ya burudani ya Disney inayokimbia ndani ya mlima wa bandia kule Florida. Ya kwanza ni ya 2006, mwaka ilipofunguliwa: treni inaingia pangoni, Yeti, sanamu la mashine la zimwi la theluji la hadithi za Himalaya, mwenye kimo cha futi 25, anajitupa mbele, mkono wake unapita juu ya vichwa vya abiria. Ya pili ni ya siku hizi. Yeti yule yule kaganda kama gogo, anamulikwa na taa za kuwaka na kuzima ili jicho lidhani anajongea. Mashabiki humwita Yeti wa Disko na kucheka. Mimi niliumia.

Alisogea miezi michache tu. Najua kumtengeneza ni gharama: ana uzito wa tani kadhaa, na mlima umejengwa ukamzunguka, kwa hiyo fundi hamfikii kirahisi. Treni itabidi isimame muda mrefu. Na kwa kuwa foleni haijapungua, mhasibu haoni hasara yoyote.

Hapo ndipo hesabu inapopotoka. Kwenye foleni unapitishwa katika jumba la makumbusho ya Yeti. Juu mlimani unakuta reli zimeng'olewa, treni inarudi kinyumenyume gizani, kivuli cha Yeti kinaonekana kikirarua vyuma. Yote hayo ni deni, na pangoni ndipo linapolipwa. Ni sawa na bibi aite "Paukwa!", watoto wajibu "Pakawa!", awapeleke hadi mlangoni kwa zimwi, kisha ainuke akalale. Watoto hawatadai nauli yao, ni kweli. Lakini walichonyimwa ndicho walichokijia.

Kwenye matengenezo, breki na mikanda ya usalama itangulie, sibishi. Ila kuacha taa iliyoungua au mashine ya moshi iliyokufa bila kuitengeneza hakuna utetezi wowote.

Joe Rohde, aliyeongoza ubunifu wa mlima ule, aliwaahidi mashabiki mwaka 2013 kwamba atamtengeneza. Mwanzoni mwa 2021 akastaafu, Yeti angali vile vile. Namwamini kwamba alitaka. Lakini matengenezo yalipaswa kuwamo kwenye ramani tangu mwanzo: njia ya fundi, nafasi ya kutolea kiungo kizima bila kuvunja mlima.

Sasa wafunge mwaka mzima kama ndivyo inavyohitajika. Safari yangu ikiangukia mwaka huo nikakuta geti limefungwa, nitakubali.