Alikubali, sawa. Ila alikubali nini?

Mtu akivua kondomu katikati ya tendo kimyakimya, utetezi wa kwanza huwa "si alikubali mwenyewe". Sawa alikubali, ila alikubali nini?

Kuna kesi ya Kanada, ya jamaa anaitwa Kirkpatrick, iliamuliwa na Mahakama ya Juu 2022. Dada alishamwambia jamaa kabisa, bila kondomu hakuna kitu. Raundi ya kwanza jamaa akavaa. Raundi ya pili akageukia meza ya pembeni ya kitanda, dada wa watu akajua anachukua nyingine, kumbe hola, akaja kushtuka jamaa alipomwaga. Majaji wote walitaka kesi isikilizwe upya, ila kwenye sababu wakagawanyika 5 kwa 4. Wale 4 walisema hilo ni suala la udanganyifu, yaani mpaka uthibitishe ulidanganywa na pia ulipata madhara au hatari kubwa ya madhara mwilini, mimba kwa mfano. Sasa mwanamke aliyekoma hedhi je? Wanaume wawili ambao hakuna mwenye maambukizi? Hao waambiwe hamna hatari, nendeni nyumbani, kana kwamba "sitaki" ya mtu inasubiri majibu ya maabara! Wale 5 wakasema tendo lenye kondomu na lisilo nayo ni vitu viwili, ukikataa la pili umekataa. Mi niko na hao.

Upande wa pili, wasiotaka hili liwe kosa la jinai, nao hawaongei pumba. Chumbani wako wawili tu, ushahidi mgumu, na jela si mchezo. California 2021 waliona bora mtu afunguliwe kesi ya madai alipe fidia, japo hapo gharama za wakili zinamwangukia aliyeumizwa. Halafu wanauliza mpaka uko wapi, maana Uingereza 2020 mwanaume aliyedanganya kwamba kafunga uzazi alifutiwa hatia ya ubakaji. Kweli, lakini mahakama ilisema pale mwanamke hakuweka sharti lolote la kimwili. Kondomu ndo sharti lenyewe.

Na wanaosema mpira huteleza, huteleza kweli, hata kupasuka unapasuka. Ila ambaye mpira umemteleza kwa bahati mbaya anasema palepale, kwa sababu dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72 na mapema ndo bora. Anayevua akanyamaza, mwenzake analala usingizi saa zinakwenda.