Nilimtaka dereva ang'atuke

Ile habari mliyoisoma kwenye grupu, eti niliandamana ndani ya basi Hong Kong, ni chumvi za jamaa ninayepanga naye chumba Chungking Mansions. Sikuandamana. Nilitaka kushuka tu.

Vihaisi vyao vya paa jekundu havina konda. Ukikaribia kwako unapaza sauti, "Yau lok!", yamekwisha. Mimi msomi nikaunda ya kwangu. *Lok* najua ni kushuka. *Toi* nilikuwa naisikia kwenye matangazo ya treni, kila tukiingia stesheni. Jumlisheni wenyewe.

Mong Kok hiyo, gari linakimbia hatari. Nikatoa sauti ya Mbagala: "Lok toi, m goi!"

Kimya. Bibi mwenye mfuko wa mboga akageuka taratibu, shingo kwanza, miwani ikafuata. Kijana akachomoa hedifoni sikio moja. Nikadhani hawajasikia (acheni kucheka, sijamaliza), nikarudia kwa nguvu, na kidole nikamnyooshea dereva: "Lok toi!"

Wapendwa, *lok toi* haimshushi abiria. Inamshusha mkubwa madarakani. Ni sawa na kumfokea suka wa Mbagala "Ng'atuka!" badala ya "Shusha!" Na mimi nimeweka *m goi*, tafadhali.

Dereva akanitazama kwenye kioo. Akashika goti, akalalama: "Geuk tung! Geuk tung!" Mguu unauma. Hiyo niliielewa. Gari zima likaangua kicheko, nikawaona wana roho mbaya: mzee wa watu anaumwa, wanamcheka? Taa nyekundu ikatusimamisha. Nikanyanyuka, nikatoa mafuta ya karafuu kwenye begi, nikamkabidhi kwa mikono miwili, na pole juu. Bibi wa mboga akawa anafuta machozi.

Jamaa yangu alikuwa siti ya nyuma, anajua kila kitu, kajikausha. Kunieleza alinieleza baadaye: mwaka 2003 watu nusu milioni waliandamana, wengi wakimtaka kiongozi wao, Tung Chee-hwa, aachie ngazi. Alipobwaga manyanga Machi 2005 akasema ni afya, na mtaani wakaufanya utani: mkubwa akiondoka, mguu umemuuma.

Haya, mengine fasta: kituo kilipita, nikashushwa mbele huko, nikarudi kwa miguu. Mafuta hakurudisha. Na yalikuwa ya Pemba yale, siyo ya dukani.