Nguvu za mama zetu zisiwe kisingizio

Leo mchana hapa Leicester dereva amelishusha basi upande mmoja mpaka likakaribiana na ukingo wa njia, ili bibi mmoja mwenye mkongojo apande bila ya kuinua mguu sana. Akangoja bibi akae, ndipo akaondoa gari. Abiria hawakuguna. Nauli hakulipa, wazee huku wana kadi zao.

Nimefurahi, kisha nikapandwa na hasira, maana nimemkumbuka mama yangu mkubwa wa Micheweni, Pemba: utingo anamvuta mkono apande, polo la usumba, zile nyuzi za makumbi ya nazi, limemuelemea, na vijana wamekaa kitako wanasema, "Bi mkubwa bado ana nguvu!"

Hilo ndilo linaloniudhi kwetu. Tunazisifu nguvu za mama zetu ili tusiwasaidie.

Nguvu wanazo, wallahi. Kazi ya makumbi nani asiyeijua? Mwanamke mtu mzima anayafukia kwenye tope la pwani, anangoja miezi yaoze, anayafukua kwa mikono yake na ile harufu yake, anayapiga kwa mti kumbi moja moja mpaka utoke usumba, na usiku anakaa kusokota kamba. Wenzao wa Paje na Jambiani, Unguja, wako kwenye kilimo cha mwani tangu mwisho wa miaka ya 1980, mgongo umeinama bamvua hadi bamvua, kila maji yakikupwa sana. Mwani wa kotonii ukafa maji yalipozidi joto, wakashika aina ya spinosamu yenye bei ya chini, na watoto wakasoma kwa fedha hizo hizo. Huku kazi yangu ni kuwahudumia wazee, na sijamuona wa kumfikia mama mkubwa kwa ustahamilivu.

Najua mtakalosema. "Huyu Ulaya imeshamlevya." "Huko kwenu wazee wanakufa peke yao." Upweke upo, siubishi, nawahudumia watu wasiogongewa mlango na mtoto wao wiki nzima. Lakini nyumba za kutunzia wazee za Sebleni na Welezo ziko Unguja, haziko Uingereza. Wala sikusema kwetu hakuna lililofanyika. Pensheni jamii ya wazee ilipoanza Zanzibar Aprili 2016, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila aliyetimiza miaka 70, awe aliwahi kuajiriwa au la, nilikwenda kifua mbele kuwahadithia Wakenya ninaofanya nao kazi.

Ninayegombana naye ni wewe uliyekaa kitako garini. Na wewe unayesema "wameshazoea". Magoti ya mama mkubwa hayajazoea. Yanamuuma kila usiku, na kila akitaka kusema anakatizwa: mashaallah, Bi mkubwa, wewe chuma. Basi ananyamaza, na nyinyi mnahisabu kunyamaza kwake kuwa ni uzima.

Juzi nimetuma fedha alipwe kijana wa kumfukulia makumbi. Kufukuliwa amekubali. Kupigiwa amekataa katakata, anasema vijana wa siku hizi watamkatia nyuzi.