Mke wa Kuonyeshea Nyumba

Dalali aliniangalia kuanzia viatu mpaka nywele, akauliza, "Bosi, una mke?"

Nikamwambia mimi natafuta chumba, sitafuti mchumba. Akasema kwa Makole vitu hivyo vinakwenda pamoja. Kipo chumba na sebule, choo ndani, vigae chini, maji ya tenki, Luku ya peke yako, laki moja na nusu kwa mwezi, na kwa mguu unafika Nyerere Square bila kuloa jasho. Tatizo ni kwamba mwenye nyumba ni mama wa maombi. Hapangishi bachela.

Laki moja na nusu, mjini, tena Aprili! Walio mbali hawaijui Aprili ya Dodoma. Bunge la bajeti linaanza na halitoki mpaka mwishoni mwa Juni, na kila mwenye banda uani analipiga rangi na kuliandika "Lodge". Uamuzi wa kuhamishia makao makuu huku ulipitishwa 1973, mji ukangoja zaidi ya miaka arobaini, kisha 2016 Serikali ikatangaza kwamba safari hii inahama kweli. Watumishi wakaanza kushuka na magodoro yao, kodi ikapanda nao, na haijashuka tena. Wizara zenyewe siku hizi ziko Mtumba, huko mbali, lakini wenye nyumba wa mjini bado wanapanga bei utadhani Waziri Mkuu amekodi jiko lao.

Mimi nilikuwa nalala kwa dada yangu Nzuguni, kwenye kochi la sebuleni. Shemeji ni mtu mwema, hana neno, ila kila usiku taarifa ya habari ikiisha alikuwa akijinyoosha na kuuliza, "Hivi mambo ya chumba yamefikia wapi?" Kwa hiyo sikutaka makuu na dalali. Nikamuuliza, "Mke anapatikana?"

"Elfu kumi na tano. Bajaji juu yako."

Jumamosi mke akaletwa. Kitenge kizuri, kilemba, Biblia ndogo kwapani. Ndani ya bajaji akaanza kunihoji: tumefunga ndoa wapi, mwaka gani, mama mkwe wake anaitwa nani, napenda mboga gani. Nilipojikanyaga kwenye swali la ndoa akanikaripia. "Kaka, utatunyimisha nyumba! Sema Mpwapwa. Hakuna anayepanda gari kwenda Mpwapwa kuhakiki ndoa ya mtu." Nikamheshimu. Nimeshawahi kusailiwa kazi na watu wazembe kuliko yule.

Nyumba ilikuwa kama alivyosema: geti jeusi, mzabibu umetambaa juu ya kibaraza, mpaka harufu ya rangi mpya. Dalali akagonga, halafu akasogea pembeni kupokea simu ambayo sikuisikia ikiita. Mama mwenye nyumba akafungua.

"Shikamoo mama. Mimi na mwenzangu..."

Hakunisikia. Alikuwa anamtazama mwenzangu, mkono kifuani. Ghafla akapiga kigelegele mpaka njiwa wa jirani wakaruka.

"Mwanangu! Umerudi! Si niliwaambia maombi yanajibiwa? Baba, toka nje! Mkeo amerudi!"

Mlango wa pembeni ukafunguka, akatoka kijana na bukta, mswaki mdomoni. Akamwona yule dada. Akaniona mimi. Akamwona dalali kwa mbali, ambaye sasa alikuwa anapokea simu huku anakimbia. Pale pale wote watatu tukaelewana bila kusemezana: dalali yule alikuwa na mke mmoja tu wa kazi, na nyumba hii alishamtumia.

Kumbe kijana, baada ya kupata chumba, alimwambia mama kwamba mkewe kaenda kwao kuuguza. Tangu hapo mama alikuwa anamfungisha kila Ijumaa, wanamwombea mke arudi.

Kigelegele kilipoisha mama akanigeukia. "Na huyu ni nani?"

"Kaka yangu," akasema yule dada.

"Mume wake," nikasema mimi, kwa wakati uleule.

Sitaki kueleza sana dakika zilizofuata. Geti lilijaa watu. Mama alinishika ukosi akipiga kelele kwamba nimechukua mke wa mtu na bado nimekuja kupanga chumba ukuta kwa ukuta na mwenyewe. Akaitwa mjumbe, mzee mpole wa miwani, karani mstaafu wa mahakama ya mwanzo, na furaha ya kupata kesi ilimwonekana wazi. Akatutangazia kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mume haki ya kudai fidia kwa mgoni wake. Akanionyesha mgoni kwa kidole, asije mtu akakosea.

Sasa kijana angeweza kuniokoa kwa sentensi moja. Lakini alikuwa ameshalipa kodi ya miezi sita. Akatema povu la dawa ya meno, akatikisa kichwa kwa majonzi.

"Mzee, mimi sina makuu. Anipe elfu hamsini, mengine namwachia Mungu."

Halafu, mjumbe alipoinama kuandika, akanikonyeza.

Tuliteremka hadi thelathini. Nilizitoa kwenye hela ya dalali, kwa hiyo sikuumia sana kama ninavyosimulia. Mama alimfuta kijana machozi, ambayo nashuku yalikuwa ya dawa ya meno, kisha akamkabidhi mke jiko hapohapo: ugali wa mtama na mlenda, ndoa ianze upya. Yule dada alinitazama kwa hasira juu ya sufuria. Kupika hakukuwemo kwenye elfu kumi na tano.

Usiku dalali akanipigia.

"Bosi, pole na ya leo. Nimepata kitu Area D, laki na themanini, kizuri kuliko kile. Ila huyu mzee anataka mtu mwenye familia. Mke na watoto wawili."

Nikakaa kimya.

"Watoto wapo," akasema. "Ila mkubwa wanamjua mtaa ule, itabidi tumvalishe kofia."