Usiandike "Ana Aleji ya Dawa" Tu

Mtu akiingia kliniki hapa Kisumu macho yakiwa ya manjano, ataulizwa malaria, kisha taifodi, kisha pombe. Dawa alizomeza mwezi uliopita huulizwa mwisho, zikiulizwa. Nadhani zingetangulia, kwa sababu dawa nyingine huumiza ini, na macho ya manjano ni dalili yake.

Paracetamol huharibu ini ukizidisha kipimo. Hilo wengi wanalijua. Zipo dawa nyingine ambazo kipimo hakina kosa lolote. Ini likishaisaga dawa, mabaki yake hushikamana na protini za ini, na kinga ya mwili, isiyoyatambua, huligeukia ini lenyewe. Mara nyingi madhara haya hayatokei siku ya kwanza bali kati ya wiki ya kwanza na ya nane. Septrin, antibiotiki, huweza kuleta homa na vipele, kisha mkojo mweusi kama strungi. Amoksilini iliyochanganywa na klavulaneti, antibiotiki nyingine, ni jeuri zaidi: manjano yaweza kutokea wiki kadhaa baada ya tembe ya mwisho, pakiti imeshatupwa, na hakuna anayeikumbuka.

Kwa wagonjwa wa TB mkojo hudanganya. Rifampisini, mojawapo ya dawa za TB, huugeuza rangi ya chungwa, na hilo si ugonjwa. Mtazame weupe wa jicho nje, mchana, si chini ya balbu. Ukiwa wa manjano, au akitapika na kukosa hamu ya kula, arudi kliniki siku hiyohiyo; asijipangie mwenyewe dawa ipi aache na ipi aendelee nayo.

Kwenye vipimo vya damu, ALT (kimeng'enya kinachovuja ini likiumia) ikipita mara 3 ya kikomo cha juu cha kawaida na bilirubini (rangi inayoleta manjano) ikapita mara 2, na chanzo ni dawa, karibu mgonjwa 1 kati ya 10 hufa au huhitaji ini jipya. Hapo hakuna "tungoje wiki moja tuone".

Hatari kubwa ni kuirudia dawa ileile. Kinga huwa imeshaikariri, na safari hii madhara huweza kuja kwa siku chache, makali kuliko ya kwanza. Ndiyo maana kadi ya kliniki iliyoandikwa "ana aleji ya dawa" haimsaidii muuzaji wa kemisti Kondele hata chembe. Iandikwe jina la dawa, tarehe ya kuianza, tarehe ya dalili, na ALT ilifika ngapi. Kama huna kadi, piga pakiti picha kwa simu kabla hujaitupa. Jina linalotakiwa ni lile la maandishi madogo, chini ya jina la biashara.